Nikukabidhi Kwani Wewe Ni Mbuzi?

Soweto West, Kibera, jioni

Nekesa,

Sikusalimii. Nilikusalimia asubuhi ukifunga begi lako, ukaniitikia na mgongo. Salamu moja kwa siku inamtosha mtu wa namna yako.

Nakuandikia kwa sababu kuongea kumetushinda. Wiki nzima tumelala chumba kimoja na pazia katikati, na kila nikifungua mdomo inakuwa vita, na kila vita ikianza majirani wanapunguza redio ili wasikie vizuri. Mimi ni keateka wa ploti hii, msimamizi niliyeachiwa funguo na mwenye nyumba. Siwezi kuamua kesi za wapangaji mchana, halafu jioni wanisikilize nikishindwa na msichana niliyemzaa mwenyewe. Sasa uko kanisani unaagana na kwaya yako, maharagwe yako jikoni, na mimi nina karatasi. Uzuri wa barua ni kwamba hainijibu.

Jambo lenyewe tunalijua sote wawili. Unataka kwenda kukaa Kawangware, kwa Odhiambo, akufundishe kazi ya mitandao: kuvuta nyaya, kufunga WiFi kwenye maploti, kutafuta mahali mtandao umekatikia na kuurudisha. Odhiambo amekubali kwa sharti moja. Uliponiletea hilo sharti nilikuwa nachambua mboga, na ulisimama mlangoni kama mtu aliyetumwa kudai kodi.

"Amesema hachukui mtoto wa mtu kwa simu," ukasema. "Lazima mzazi akuje anikabidhi, aseme na mdomo yake. Usipokuja, amesema hata mimi nisikuje."

"Nikukabidhi kwani wewe ni mbuzi?"

"Mum, ni kuja tu. Unasema maneno mbili, unakunywa chai, unarudi."

"Siendi."

Ukauliza tena kesho yake, na kesho kutwa, na jibu langu lilikuwa lile lile. Jana hukuuliza. Ulipiga nguo zako pasi kimya kimya, ukazikunja moja moja, ukaziweka kwenye begi kana kwamba safari ipo. Kimya hicho kilinikasirisha kuliko maswali yote. Ulikuwa unanipima uone kama nitaona haya.

Nilimpigia baba yako huko Bungoma nikitegemea atanguruma kidogo, maana ana binti. Akasema, "Mwache aende," halafu akaniuliza kama Nairobi kumenyesha. Mama Brayo wa chumba cha mwisho naye akaniambia mtoto akililia wembe mpe. Watu wanaipenda sana methali hiyo, hasa mtoto akiwa si wao. Mimi sijamwona bado mama aliyempa mtoto wembe akakaa kando akitazama.

Habari za kuchemsha maji, za nguo za ndani, za wanaume na simu zao, sitaziandika hapa. Nimezisema mpaka masikio yako yameota sugu. Ninachotaka kukuambia ni kwa nini nina hasira, kwa sababu nadhani hujui. Unafikiri bado ni yale mablanketi.

Ni kweli, na mablanketi yamo.

Nyaya zile sikuzipenda tangu mwanzo. Vijana walikuwa wakipita ploti kwa ploti wakibembeleza makeateka ili wapitishe nyaya juu ya mabati, na mimi niliwafukuza wote. Wapangaji wakanung'unika kwamba ploti ya jirani watoto wanasoma kwa simu na sisi tunakaa kama msituni. Wakampigia mwenye nyumba, mwenye nyumba akanipigia mimi. Ndivyo Odhiambo alivyoingia hapa. Sikumkaribisha.

Akapitisha waya mweusi kutoka nguzo ya nyuma mpaka juu ya choo, ukakazwa vizuri, ukawa usawa wa mkono wangu nikisimama juu ya jiwe. Sasa niambie. Waya umekazwa, jua linawaka, nina mablanketi yanayotiririka maji, na kamba zote za ploti zimejaa nguo za watu. Nilianika. Keateka yeyote wa Kibera angeanika. Wewe ulinipigia kelele kutoka ndani kwamba hiyo si kamba, nami nikakujibu kwamba kila kinachobeba nguo ni kamba.

Mchana haukufika kabla mtaa mzima haujatoka nje, kila mtu ameinua simu juu akitafuta mtandao hewani. Baadaye ulinieleza kwamba ndani ya waya ule kuna uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, na kioo hakikuumbwa kubeba blanketi. Siku ile sikulijua hilo, na ningelijua nisingejali.

Odhiambo akaja na ngazi begani. Akatazama waya uliolala chini, akatazama mablanketi niliyokuwa nimeyahamishia juu ya paa la choo.

"Mama Nekesa, nani alianika kwa hii waya?"

"Ni upepo umekata."

"Upepo ndio imefua blanketi?"

Nikamwambia asinichezee kwenye ua wangu. Na wewe, bado umevaa sare ya shule, hata hujaulizwa, ukasema, "Ni mum. Nilimwambia hiyo si kamba."

Nekesa, majirani walicheka. Mama Brayo alishika ukuta. Watu ninaowafungia maji wakivunja sheria za ploti walisimama pale wakinicheka, na aliyewapa kicheko ni wewe. Odhiambo hakucheka. Angecheka, angalau ningemchukia kwa urahisi. Alikutazama tu, akasema, "Wewe ndio wa kwanza kuniambia ukweli hii wiki. Hii kazi nusu yake ni kuuliza watu nini ilifanyika, na wote wanadanganya. Mtu anakata waya na jembe anasema ni panya. Kuja unishikie hii tape."

Ukaenda ukamshikia. Hapo ndipo alipokuchukua, mbele ya macho yangu, kwa sababu ulinisema.

Tangu siku hiyo kila alipokuja kurekebisha kitu ulikuwa nyuma yake. Nyumba yangu ikajaa vipande vya waya na vile vichwa vidogo vya plastiki, ambavyo nimevikanyaga na miguu mitupu nikitoka kuoga mpaka nikafikiri unaviotesha. Ulikuwa unakaa kitandani ukipanga zile nyuzi ndogo ndani ya waya, ukitaja rangi zake kama mstari wa Biblia wa kukariri: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, buluu. Zimeniingia kichwani. Juzi nilijikuta nikizitaja nikiosha sufuria, na hakuna aliyeniuliza kama nataka kuzijua.

Hayo yote ningeyameza. Kuchekwa hakuui. Lakini siku moja nilikuwa nafagia mbele ya lango, na kijana mmoja wa Odhiambo alikuwa juu ya mabati ya ploti ya ng'ambo akivuta waya. Unajua mabati yetu. Yana stima isiyo na mwenyewe. Mtu amejiunganishia chini, waya umechunika, na paa zima linasubiri mguu. Kijana alikanyaga. Sikusikia hata kelele. Nilimwona tu akirushwa, akaangukia mitungi ya muuza maji, akalala pale. Halafu akainuka, akajipangusa, akacheka, akaomba maji ya kunywa. Wenzake wakacheka naye, wakamwita jina fulani la utani, wakarudi kazini.

Wewe ulikuwepo, ukacheka pia. Mimi niliingia ndani nikakaa kitandani na ufagio bado mkononi.

Ninaogopa, Nekesa. Neno lenyewe ni hilo, na sitaliandika tena. Ulikuwa na nafasi kwenye saluni ya binti wa mjomba wako, mahali pa kukaa chini ya kivuli na kushika vichwa vya watu, na ukasema hapana kwa sababu ati nywele hazikufikirishi. Sijui ni nani aliyekuambia kazi lazima ikufikirishe.

Na usidhani sijui kukabidhiwa ni nini. Naona ulidhani ninakataa kwa ujinga, ulivyokuwa ukinieleza polepole kama unamweleza kipofu njia. Ninakujua huko Kawangware kuliko wewe. Nilipotoka nyumbani nikiwa msichana nilishukia huko, nikaingia kwa fundi wa nguo aliyeitwa Mama Njeri kujifunza ushonaji. Nilijipeleka mwenyewe. Hakuna mzazi wala shangazi aliyekuja kusema huyu ni wetu.

Nilifagia. Nilifumua nguo zilizokosewa, nilishona vifungo, nilipiga pasi, mwisho nikapewa cherehani. Nilikuwa mwepesi, hata yeye alikiri. Lakini kila alipotandaza kitambaa kipya mezani na kuchukua chaki, alinituma maziwa. Mkasi wake mkubwa nilikuwa nauona ukipanda na kushuka kwa mbali, nikirudi na pakiti mkononi. Kushona alinifunza. Kukata alinificha, kwa sababu anayejua kukata hamhitaji tena fundi wake.

Siku moja alinitukana mbele ya mteja kwa kosa ambalo halikuwa langu. Nilitupa tepu yake ya kupimia chini, nikatoka. Nilifikiri atanifuata mpaka njiani. Angemfuata nani? Sikuwa wa mtu. Mtoto aliyekabidhiwa, fundi hawezi kumwacha aondoke hivi hivi. Lazima amwite mzazi, wakae, waulizane, mmoja aombe msamaha hata kama ni wa uongo, na kesho mtoto arudi kwenye cherehani. Mimi niliondoka na kiburi changu tu, na kiburi kikanileta Kibera, kikanipa funguo za ploti ya mtu. Mpaka leo nipe kitambaa kilichokatwa nitakushonea nguo ya harusi. Nipe kizima na mkasi, nitakirudisha kama kilivyo.

Basi kama kuna kitu nitakuambia kuhusu hiyo kazi yako ni hiki, na si ushauri, ni chuki yangu kwa Mama Njeri ambayo haijapoa. Odhiambo atakupa ngazi. Atakupa koleo, tape, na ule mfuko wa vichwa vya plastiki, na atakusifu mbele ya watu. Ukifika wakati wa kufungua laptop na kuandika yale mambo yanayouambia mtandao uende kwa nani na usiende kwa nani, ataanza kukutuma. Chai, mandazi, betri. Vijana wa kupanda mabati Nairobi hawana hesabu. Mwenye kushika laptop na neno la siri ndiye tajiri wao. Siku hiyo usiende. Mwambie chai utaleta akimaliza. Akikufokea, foka. Hilo unaliweza, nimekulea mwenyewe.

Na akikutukana usitupe kitu chini. Kasirika ukiwa umekaa.

Ila kuna upande mwingine wa kukabidhi ambao wewe huuoni, na ndio uliofanya niseme siendi. Ukijipeleka mwenyewe, ukianguka umeanguka. Nikikupeleka mimi, nikasimama mbele ya mtu nikasema chukua, basi siku utakayorushwa na mabati ni mimi niliyekutoa kwa mdomo wangu. Ulisema ni maneno mawili na chai. Kwako ni maneno mawili.

Sasa nikuambie ya leo. Mchana nilikuambia nakwenda kumwona mwenye nyumba. Sikwenda. Nilikwenda Kawangware.

Nilikwenda kukuharibia. Sitaki ulisome hilo vibaya ukadhani nilikwenda kukuombea. Nilitembea kwa miguu mpaka stendi ya matatu za 46 ili hasira isipoe, nikiwa nimepanga nitamwambia nini ili asikutake hata bure. Nilimkuta dukani kwake, kati ya bucha na mama anayekaanga samaki, yule dada yake Odhiambo utakayelala kwake. Vijana wake walikuwa wamekaa kwenye vibao wakimenya nyaya. Odhiambo akasimama, akanitolea kiti, akaita chai. Nikakataa kiti, nikakataa chai.

"Sikukuja kukaa," nikamwambia. "Nimekuja kukuambia huyo msichana hafai."

"Haya, mama. Sema."

Nikasema. Nilimwambia una mdomo, na kwamba ukiambiwa jambo mara ya pili unaona umetukanwa. Nilimwambia ukikosea hukubali kuuliza, unakaa na kosa lako kimya mpaka linaoza. Asubuhi huongeleshwi kabla ya chai, na anayejaribu atajuta. Ukiwa na njaa husemi, unakuwa mkali tu, kwa hivyo akiona unavuta nyaya kwa hasira ajue hujala. Vijana wakaacha kumenya. Dada yake akatoa sufuria motoni akaja mlangoni, mwiko mkononi.

"Umemaliza, mama?"

"Bado."

Nikaendelea. Nikamwambia ukiumwa unaficha, na kwamba yule mtoto aliyeficha malaria mpaka akaanguka kanisani alikuwa wewe. Nikamwambia huombi msaada hata ukizama. Nikamwambia ule mkono wa kushoto uliteguka ukiwa mdogo na haukurudi sawa, ukiinua kitu kizito unaachia bila kutaka, kwa hivyo hawezi kukupa ngazi uibebe na huo, na juu ya mabati usiutegemee kama ndio mkono wako wa pekee. Nikasema basi ni mtu gani mwenye akili atachukua fundi wa mkono mmoja, mwenye midomo miwili, asiyeuliza, asiyekula, asiyesema anaumwa. Nilisema kwa sauti. Watu wa bucha walitoka nje.

Odhiambo alimgeukia dada yake. "Umeskia hiyo ya mkono?"

"Nimeskia. Na hiyo ya kutokula."

Kisha akanitazama. Nilikuwa nimepanga kila neno langu lakini sikuwa nimepanga yake.

"Mama Nekesa, nimechukua vijana wengi hapa. Wazazi wao wanakuja wamevaa vizuri. Wananiambia huyu ni mpole, huyu ana heshima, huyu hana shida yoyote. Wanakunywa chai wanaenda, na mimi nabaki na mtu simjui. Hao wengi nimewarudisha nyumbani. Lakini huyu sasa namjua." Akakunja waya aliokuwa ameshika. "Kesho usijisumbue kukuja. Umeshamkabidhi."

"Sijamkabidhi mtu yeyote. Nimesema hafai."

"Sawa, mama," akasema. "Na hiyo ya mkono, kama hutaki akuje, ungeniambia ya nini?"

Yule dada yake akanishika bega, akaniwekea kiti tena, na safari hii, Nekesa, nilikaa. Nikanywa chai yao. Ilikuwa na sukari nyingi mno na niliwaambia hivyo.

Kwa hivyo usiniulize tena kama nitakuja, wala usikunje nguo kimya kimya ukinipima. Asubuhi beba begi lako uende peke yako, anakungoja. Nina hasira na yeye, nina hasira na wewe, na nina hasira na mdomo wangu ambao miaka yote hii haujawahi kunisaliti ila leo. Nilikwenda kukukataza, nikakutoa. Umeshakabidhiwa, na ni mimi niliyefanya hivyo.

Mama yako